Afisa, Nirudishie

Jumapili, 2 Juni 2024

Leo wimbo wangu umepigwa Segera, kwenye spika kubwa kuliko mlango wa choo chetu. Pale njia panda, mabasi ya Arusha yanashusha, ya Tanga yanapakia, na katikati wimbo wangu unanguruma. Wangu! Niliutunga mwaka sabini na saba, kambini kwenye mkonge. Gitaa lenyewe kopo la mafuta na waya za breki ya baiskeli.

Mwizi ni mjukuu wangu Valentino, mtoto wa binti yetu Salome. Miaka ishirini na mbili, nywele kama jogoo aliyenyeshewa. Yeye anaimba, mwenzake Yordani anatengeneza biti kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Hata kuniomba! Nimekasirika dakika mbili. Halafu nimecheza.

Ila wameukata. Wimbo ulikuwa hivi:

Afisa umeniibia,
Afisa nirudishie,
moyo wangu si mali ya umma.

Mstari wa tatu hawakuuweka. Nimemwuliza, wewe, mbona umeninyofoa moyo? Ati babu, mstari ule ni mrefu, biti haiubebi. Wanapunguza wimbo kama suruali ya mtumba.

Afisa ni mke wangu. Jina lake la chuoni, la Kurani, ni Hafsa, lakini kwao Sindeni hakuna ulimi unaoliweza. Ile he wanaimeza, katikati wanapachika i, basi — Afisa. Shehe aliyetuozesha alisema Afisa. Mbuzi wake wanamjua kwa Afisa.

Sasa sikia. Wimbo unapigwa, mgambo wakaja kufukuza wachuuzi. Mkubwa wao ni Dunstan, mtoto wa jirani yetu, mimi ndiye niliyemfundisha baiskeli. Akapiga teke sinia la machungwa la mama mmoja. Mama akaling'ang'ania. Dunstan akamshushia kirungu cha kiganja — nimesikia mfupa. Machungwa yakaenda lami, basi likayapasua. Wachuuzi wakaanza kuimba na spika, wote, wanawake kwa wanaume: Afisa umeniibia! Afisa nirudishie! Wanayadai masinia yao!

Chungwa moja likampata Dunstan kwenye jicho. Damu na maji ya chungwa. Akageuka anapiga yeyote aliye karibu. Kijana wa mahindi amepasuliwa kichwa.

Nani alirusha lile chungwa sitaandika. Bega langu la kulia linauma.

Jumanne, 4 Juni 2024

Mgeni. Bwana Habakuki, afisa wa sanaa wa Kamati ya tarafa. Mtu mkubwa — namaanisha mkubwa, pikipiki imemshusha ikapumua.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba. Kaa hapo kigodani. Taratibu, kina miguu mitatu.

Ameleta kijitabu cha sera ya sanaa. Jalada lina kijana anacheka, ameshika gitaa. Ndani imeandikwa msanii kijana ni hazina ya taifa, atatambuliwa, atalindwa, atawezeshwa. Nimesoma mara mbili, maana darasa la nne langu ni la zamani. Hazina kwetu ni kitu kinachofungiwa kabatini.

Akasema kila wimbo sharti maneno yake yaandikwe kwenye fomu, Kamati iyasome, ndipo upigwe hadharani. Nikamwambia Valentino ameshakwenda mara tatu kwenye ofisi yako pale njia ya Handeni. Mara ya kwanza fomu zimekwisha. Ya pili mfumo uko chini. Ya tatu mlinzi amesema bosi yuko semina. Habakuki akasema hiyo ni changamoto. Siku hizi kila uzembe una jina zuri.

Kisha akakohoa. Mzee, huyu Afisa anayeimbwa ni nani?

Mke wangu alikuwa amekwenda kusaga. Laiti angekuwepo! Mimi ulimi ukaniwasha. Nikasema: huyo Afisa namjua sana. Mnene. Anakoroma. Ameniibia miaka arobaini na saba, hajanirudishia hata kitu kimoja.

Akatoa kalamu. — Bado yuko kazini?

— Yupo. Na kustaafu hataki.

Ameandika yote! Ameandika na nukta! Ameniuliza jina la pili la baba yangu, nikampa. Alipoondoka nilicheka mpaka nikashika ukuta. Afisa aliporudi na unga akauliza nini, nikasema nimekumbuka kitu cha zamani.

Alhamisi, 6 Juni 2024

Semina ya sera, Korogwe mjini. Tumekwenda watatu, Valentino, Yordani na mimi. Mimi kwa ajili ya chakula.

Kwanza nimepita dukani kwa Dhirajlal, anayeuza nyuzi za gitaa tangu sote tuna meno. Ati Dominiko, hujafa tu? Nikasema nakusubiri utangulie, ukanishikie kivuli. Ameusikia wimbo. Akaumalizia mwenyewe, na moyo wake, hakuruka neno. Mzee yule! Alikuwa anakuja kambini kuuza betri, akikaa kwenye gunia anasikiliza.

Ukumbini vijana sitini hivi. Wa kwaya kutoka Vugiri, wa singeli, wa ngoma. Habakuki anaonyesha maneno ukutani kwa taa. Utambuzi. Ulinzi. Uwezeshaji. Msichana wa Vugiri akainua mkono, akauliza sera inasema nini mtu akivunjiwa vyombo vyake na mgambo. Habakuki akasema swali zuri, tutalirudia. Hakulirudia. Valentino akauliza kibali kinapatikana siku gani, aje kwa miguu alale mlangoni. Watu wakapiga makofi.

Hapo Habakuki akakasirika. Akatoa karatasi. Akasema kuna vijana wanatumia sanaa kutukana watumishi, na ushahidi anao, na babu wa msanii mwenyewe amekiri. Akasoma kwa sauti ya habari: "Afisa mnene. Anakoroma. Ameiba miaka arobaini na saba. Hataki kustaafu."

Macho sitini ya kulia na sitini ya kushoto yakashuka pole pole mpaka kwenye tumbo la Habakuki.

Ukumbi ulipasuka. Wengine walilala chini kwa kucheka.

Nilitakiwa nisimame. Niseme jamani, ni mke wangu! Neno moja tu. Sikusimama. Mimi nikisikia watu wanachekea maneno yangu, magoti hayaniinui. Valentino alinitazama mara mbili. Nikajifanya natafuta kibiriti.

Habakuki akampa ishara Dunstan, aliyekuwa analinda mlango wa ukumbi. Dunstan — jicho bado jekundu — akamkaba Yordani, anataka flashi yenye wimbo iliyoning'inia shingoni. Kamba haikukatika, Yordani akabadilika rangi. Valentino akamkata Dunstan ngwala. Viti vya plastiki vikaruka. Mgambo wanne wakaingia na virungu, wanapiga kama wanapura maharage. Yule msichana wa Vugiri wamemkanyaga, mfupa wa bega umesimama chini ya ngozi. Mimi chupa ya soda imenipata juu ya nyusi. Sikuona nani. Nilikuwa chini ya meza ya chakula na sambusa tatu.

Vijana wameninyanyua hadi barabarani. Tulipofika Segera Valentino akasema: "Babu, kesho nenda kamwambie ni bibi."

Nikasema nitakwenda.

Ijumaa, 7 Juni 2024

Sikwenda. Kichwa kinauma. Halafu nikienda leo ataona nimeogopa.

Jumamosi, 8 Juni 2024

Leo naandika kubwa kubwa.

Saa tisa alasiri. Vijana wanafanya mazoezi kwenye kibaraza cha mama lishe, pale Segera, kwa ajili ya Idi. Hawakutangaza. Watu wamekuja wenyewe. Mimi nimekaa na chai, najidai, naonyesha watu: mtunzi ni huyu.

Mgambo wakashuka kwenye gari, kama kumi. Habakuki nyuma yao kwenye pikipiki. Hawakuuliza kibali. Wa kwanza alichukua kompyuta ya Yordani akaiweka chini ya tairi la lori lililokuwa linaondoka. Aliiweka vizuri, kama anaweka yai. Yordani akamrukia kwa meno, akamng'oa kipande cha sikio. Nimeona kipande chenyewe. Wakampiga mpaka akatapika, akakimbia kwa magoti.

Dunstan akaruka juu ya gitaa la Valentino kwa miguu miwili. Kisha akamsimamisha mjukuu wangu ukutani.

— Imba sasa. Si unajua kuimba? Imba Afisa.

Nilijua atanyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Valentino ameimba! Afisa umeniibia — kirungu cha mdomo. Akatema, akaanza upya. Afisa ume— kirungu. Mara ya tatu hakutoa neno, alifungua mdomo tu, na Dunstan akampiga ubavuni mwa taya. Mlio ulikuwa wa muhogo mkavu. Taya ikahamia upande. Ikakaa huko.

Mimi nina miaka sabini na mitatu. Palikuwa na mchi wa mama lishe kwenye kinu. Sikumbuki kuushika. Nakumbuka kiwiko cha Dunstan kikikunjika upande usiokunjika, na yeye akinitazama kama mtoto. "Babu!" Ndivyo alivyosema. Babu!

Umati ukaingia. Mawe, matofali, maji ya moto ya chai. Pikipiki ya Habakuki imechomwa, yeye amepanda gari kwa tumbo. Bomu la machozi moja limelipuka kwenye ndoo ya maandazi. Walimtupa Valentino garini juu ya masinia, miguu inaning'inia nje. Gari lilipoondoka, mguu mmoja ulikuwa unagonga bodi. Gonga, gonga. Kwa mapigo ya wimbo — au ni mimi nilisikia hivyo.

Jumapili, 9 Juni 2024

Afisa amejua. Mtu amemsimulia yote ya kwenye semina. Mnene, anakoroma.

Amenipiga kwa mwiko wa ugali. Mgongoni, kichwani, mikononi. Sikujikinga. Mwiko ulipovunjika akaketi chini akalia, mimi nikamfutia machozi kwa kanga yake, akaning'ata kidole.

"Baba Salome, ulimi wako huo umemla mtoto."

Akaokota vipande vya mwiko, akaenda kuwashia jiko.

Jumatatu, 10 Juni 2024

Hospitali, Korogwe. Valentino alikaa kituoni mchana na usiku kwanza, maana bila fomu ya polisi hospitali haimpokei, na fomu alitakiwa aiombe mwenyewe kwa mdomo. Kwa mdomo!

Wamemfunga taya kwa waya, juu na chini. Anakunywa uji kwa mrija kupitia pengo la jino lililong'oka. Mkono mmoja una pingu kitandani. Uso umevimba, ni wa mtu mwingine, wa mtu mnene niliyewahi kumdharau. Nesi ni mpole. Anasema wiki sita, kama mifupa itakubali. Nimeuliza ataimba? Akasema mzee, tuanze na kumeza.

Kosa lake: kuchochea, na kuchoma pikipiki. Ushahidi mkubwa ni karatasi ya Habakuki. Maneno yangu, jina la pili la baba yangu. Jumanne ya wiki ijayo, Idi ikipita, Valentino atapelekwa mahakamani, polisi wamesema hivyo.

Mimi hawanitafuti. Dunstan ameandikisha kwamba alivunjwa mkono na kundi la vijana wenye nguvu. Hawezi kusema ni mzee na mchi. Nilitaka kucheka. Nikamwona Valentino ananiangalia.

Nilikuwa na kile kijitabu mfukoni. Sijui kwa nini nilikitoa. Nikamsomea: msanii kijana atalindwa. Akaomba kalamu kwa kidole. Akaandika pembeni mwa ile picha: HUYU HANA PINGU. Chini yake: BABU WAAMBIE NI BIBI.

Nikamwambia Jumatano. Naapa, Jumatano. Akafumba macho. Hajui kama ni ahadi au ni yale yangu ya kila siku. Hata mimi nilikuwa najisikiliza.

Jumatano, 12 Juni 2024

Nimekwenda! Nimekwenda na ushahidi wenyewe. Afisa amevaa gauni lake la harusi za watu, hasemi na mimi, anatembea hatua kumi mbele. Dhirajlal amekuja na bodaboda kutoka Korogwe, kaanguka mara moja njiani, suruali imechanika goti, kaja hivyo hivyo.

Ofisi ya Habakuki ni chumba cha mbele na stoo ya nyuma, nondo madirishani, bati jipya. Ana plasta shingoni.

Nikasema: Bwana Habakuki, Afisa ni huyu hapa. Mnene, anakoroma, na kustaafu ndoa hataki. Nilikuwa nakutania.

Akamwangalia. Akaomba kitambulisho. Afisa akakitoa kwenye fundo la kanga, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni.

Habakuki akasoma. Akasoma tena. — Hapa pameandikwa Hafsa.

— Ndiyo mimi.

— Mimi namtafuta Afisa.

— Ndiyo mimi!

— Mama, serikali inakujua kama Hafsa. Wimbo hausemi Hafsa. Ungesema Hafsa umeniibia, nisingekuwa na kesi hata dakika moja.

Tukamweleza. Sindeni, he, i, shehe. Dhirajlal akasema yeye ameusikia wimbo huu mwaka sabini na saba, ulikuwa na mstari wa moyo. Habakuki akamuuliza, wewe umesajiliwa kama msanii? Hapana. Basi huwezi kuwa shahidi wa sanaa. Dhirajlal akatukana Kigujarati, sauti ya chini, muda mrefu.

Nikaimba mimi. Mstari wote, moyo wangu si mali ya umma. Habakuki akasema mstari huo haumo kwenye rekodi, inaonekana umetungwa jana kuficha ushahidi. Na "mali ya umma" — hilo ndilo baya kuliko yote!

Afisa akamtandika kofi. La mkono wazi. Plasta ya shingo ikabanduka. Mgambo wawili wakamkamata mikono, mke wangu wa miaka sabini na mmoja, wakamsukuma hadi akaangukia kona ya meza. Mdomo umepasuka. Nami niliwavaa, nikatupwa nje kwa ukosi kama paka.

Habakuki akatoka mlangoni baadaye, anahema. Akasema sikilizeni, mimi sina ubaya. Kesho ataagiza Valentino aletwe hapa. Akitia dole gumba kwamba wimbo ni wa kuchochea, anaomba radhi, na hatapanda jukwaani miaka mitano, yeye anaandika barua ya kupunguza mashtaka. Au —

Akatoa fomu ya usajili wa wimbo. Ile ile iliyokwisha! Kuna mahali pa mtunzi. Mtunzi akijitaja na kuandika wimbo unamhusu nani, kwa sahihi yake, kesi inamhama mwimbaji inakuja kwake. Ndivyo taratibu zilivyo, anasema. Jela ya wazee haina godoro, anasema.

Afisa alikuwa anatema damu kwenye majani. Akasema "Nipe kalamu nimtilie huyu mzee sahihi mimi."

Alhamisi, 13 Juni 2024

Asubuhi, ofisini kwa Habakuki. Naandika kwenye benchi.

Fomu iko mbele yangu. Jina la wimbo, nimejaza. Mtunzi: Dominiko. Mkono umeandika wenyewe, mwandiko mzuri kuliko wa barua ya posa. Swali la saba: je, wimbo unamlenga mtu yeyote? Nimeandika NDIYO. Sasa kuna mstari wa kumtaja. Nimeandika Afisa, nikafuta. Nimeandika Hafsa, Afisa akasema huyo simjui. Yuko pembeni yangu, mdomo umevimba. Leo amekaa benchi moja na mimi.

Saa nne. Valentino ameletwa kwa difenda la polisi, mlango wa nyuma. Wamemfunga pingu kwenye nondo ya dirisha la stoo. Amekonda, waya zinaonekana akivuta midomo. Nimempelekea fomu aione. Akasoma MTUNZI: DOMINIKO. Akanigonga kifuani na paji la uso wake. Mara moja, kwa nguvu, imeniuma.

Saa nne na nusu. Kelele mbele. Yordani amekuja na watu wa Segera — wachuuzi, bodaboda, mama wa machungwa na mkono wake kwenye bandeji. Wana spika juu ya guta la matairi matatu. Wanapiga wimbo. Hawajui Valentino yumo, wanadhani bado yuko hospitali. Wanamtaka Habakuki tu. Mawe kwenye bati. Askari wawili na Dunstan wametoka kuwazuia. Dunstan ana mkono mmoja, na funguo za pingu ziko kwenye mkanda wake.

Habakuki amejaa jasho. "Unasikia? Unasikia wanavyoimba? Huko si kuchochea?"

Nikasema subiri. Wanauimba nusu, ndiyo maana. Nikaenda dirishani nikapanda kiti. Nikawapigia kelele waongeze mstari wa tatu. Moyo! Moyo wangu! Nimepiga kwa mapafu yote. Moyo!

Spika inanguruma. Wameniona napunga mikono. Wa mbele akawageukia wa nyuma. Nimeuona mdomo wake.

Moto.

"Babu kasema moto!"

Sasa ni matairi kwenye milango yote miwili, na petroli ya bodaboda. Moshi unaingia chini ya mlango, mweusi, unakwenda kama maji. Askari wamekimbia. Dunstan amekimbia na funguo — nimemwona, anashika mkono wake, mawe yanamfuata.

Nimepiga kelele Valentino yumo! Valentino yumo ndani! Hawasikii. Spika imewafunika, na anayeimba kwenye spika ni Valentino. Yule wa kwenye rekodi, mwenye taya. Huyu wa stoo anajaribu kuita, kinachotoka ni ng'ng'ng', na damu puani. Anavuta pingu mpaka ngozi ya mkono imefunuka.

Naandika maana mkono hauna kingine cha kushika. Habakuki anatafuta nyundo. Hakuna nyundo. Ofisi nzima ina mihuri kumi na mbili na hakuna nyundo. Amepiga nondo kwa stepla. Analia.

"Mzee, huo mstari wa moyo unakwendaje? Tuuimbe wote, wataujua, wataacha."

Nimemwimbia. Ameshika haraka, kumbe! Sauti nzito, anaenda nje ya ufunguo lakini anaenda. Moyo wangu si mali ya umma. Tunaimba wawili tunakohoa. Nje wanaimba zaidi. Afisa umeniibia. Bati limeanza kulia kwa joto.

Afisa haimbi. Amefagia mafaili kwenye meza kwa mkono mmoja, yote chini, na fomu yangu. Meza ya mninga, miguu minne. Anasema wajinga nyie, nondo ya Valentino tayari imelegea, iko kwenye udongo tu, fundi aliiba saruji. Anasema meza iende na kichwa mbele. Anasema Habakuki nyuma, maana ndiye mzito. Anasema Valentino, jibane ukutani, mjukuu wangu, geuza uso.

Anasema Baba Salome tupa hiyo kalamu, shika mguu wa—